Lord Edward FitzGerald: mbunge aliyelikatia tamaa Bunge

Mwezi Mei 1798 serikali ya Dublin ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayefanikisha kukamatwa kwa Lord Edward FitzGerald. Wakati ule hizo zilikuwa pesa za kumwinua mtu maskini na ukoo wake wote. Lakini kinachoshangaza zaidi ni mtu mwenyewe aliyekuwa akisakwa. Kaka yake alikuwa Duke wa Leinster, duke pekee katika Ayalandi nzima. Babu yake mzaa mama, Duke wa Richmond, alikuwa mjukuu wa Mfalme Charles II. Edward mwenyewe alikuwa ameshawahi kuwa meja katika jeshi la Uingereza, na alikaa bungeni miaka kumi na minne. Sasa alikuwa akijificha kwenye vyumba vya watu wa kawaida, akituhumiwa kuandaa uasi wa kuing'oa serikali ya watu wa tabaka lake.

Husimuliwa kwa namna mbili. Wapenda uhuru wa Ayalandi humfanya shujaa asiye na doa, kijana mzuri wa sura aliyekufa kwa ajili ya wanyonge. Wengine humwona mtoto wa kitajiri aliyelewa mawazo ya Wafaransa. Mimi naona masimulizi yote mawili yanaruka jambo la katikati, nalo ni lile Bunge alilokaa. Ukilielewa Bunge hilo, safari ya Edward haitakushangaza sana.

Bunge lenyewe lilikuwaje

Ayalandi ya karne ya 18 ilikuwa chini ya mfalme mmoja na Uingereza, ila ilikuwa na Bunge lake Dublin. Bunge hilo lilikuwa na mabaraza mawili: la juu la malodi na maaskofu wa Kianglikana, na la chini lenye wabunge 300, wawili wawili kutoka majimbo 150. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kudhani wananchi waliwakilishwa. Tazama majimbo yenyewe. Thelathini na mbili tu ndiyo yalikuwa kaunti, ambako angalau wapigakura walikuwa wengi. Moja lilikuwa la Chuo Kikuu cha Dublin. Yaliyobaki 117 yalikuwa miji, na sehemu kubwa ya miji hiyo ilikuwa mfukoni mwa kabaila mmoja mmoja. Baadhi ilikuwa na wapigakura kumi na watatu tu, wote vibaraka wa mwenye ardhi. Viti viliuzwa, vilinunuliwa na kurithishwa, na hakuna aliyeona haya.

Mji wa Athy, kaunti ya Kildare, ulikuwa wa ukoo wa FitzGerald. Edward alipotimiza miaka ishirini mwaka 1783, kaka yake alimpa kiti cha Athy. Hapa kuna fundo dogo la kufungua: vipi mtu anayeitwa Lord anakaa kwenye baraza la chini? Ni kwamba watoto wa kiume wa duke huitwa Lord kwa heshima tu. Mrithi wa kweli ni mmoja, yule mkubwa. Wadogo zake kisheria ni raia wa kawaida. Edward alikuwa mtoto wa tano wa kiume. Jina kubwa alikuwa nalo, urithi wa maana hakuwa nao.

Jambo la pili: Bunge hili halikuunda serikali. Serikali ilikuwa chini ya liwali wa mfalme, kabaila aliyeletwa kutoka London pamoja na katibu wake, na kazi yao kubwa ilikuwa kupata kura za wabunge kwa kugawa vyeo, pensheni na mikataba. Tangu mwaka 1494 kulikuwa na sheria iliyoizuia Dublin kupitisha mswada wowote ambao mfalme na washauri wake hawajauridhia kwanza. Kizuizi hicho kililegezwa mwaka 1782, baada ya maelfu ya Waayalandi kujiandikisha katika vikosi vya kujitolea na kuonyesha silaha zao hadharani, wakati Uingereza imebanwa na vita vya Marekani. Duke wa Leinster, kaka yake Edward, aliongoza kikosi cha Dublin. Shangwe zilikuwa kubwa. Lakini ushindi wa 1782 ulibadilisha mahali pa kutungia sheria. Wenye viti walibaki wale wale.

Nje ya ukuta wa Bunge hilo walikuwapo Wakatoliki, karibu robo tatu ya watu wote. Vita vya karne ya 17 viliwanyang'anya ardhi, hata kufikia mwaka 1703 walikuwa wamebaki na takriban asilimia 14 tu. Kuanzia 1728 hadi 1793 hawakuruhusiwa kupiga kura, na kuingia bungeni ilikuwa marufuku kabisa. Wengi husimulia historia ya Ayalandi kama ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti, basi. Kwa karne hii maelezo hayo yanapotosha. Wapresbiteri wa Ulster, kaskazini, walikuwa Waprotestanti, tena wengi na wenye biashara, lakini nao walilazimika kulipa zaka kwa Kanisa la Anglikana wasilosali, na mamlaka yaliwapita pembeni. Ndiyo maana chama cha Waayalandi Walioungana kilizaliwa Belfast mwaka 1791 miongoni mwa Wapresbiteri, kikisaidiwa na wakili wa Kianglikana kutoka Dublin, Theobald Wolfe Tone, na kudai haki za Wakatoliki. Mwanzoni kilikuwa chama cha wazi, cha hotuba na magazeti. Kilidai Bunge linalowakilisha watu wote bila kujali dini.

Mtoto wa Carton

Edward alizaliwa mwaka 1763. Baba yake, James FitzGerald, alipewa cheo cha Duke wa Leinster mwaka 1766. Ukoo ulikuwa Ayalandi tangu uvamizi wa Wanormandi karne ya 12, na haukuwa mgeni katika uasi: mwaka 1537 Thomas FitzGerald, Earl wa Kildare, aliuawa London pamoja na baba zake wadogo watano kwa kumwasi Mfalme Henry VIII. Makao yao ya shamba yalikuwa jumba la Carton, na ya mjini yalikuwa Leinster House, Dublin.

Mama yake, Emily, ndiye aliyemlea kwa hakika. Alizaa watoto 22 kwa waume wawili, na alikuwa msomaji mkubwa wa mwanafalsafa Rousseau. Aliamini watoto wafundishwe kwa kulima, kuogelea na kukaa nje, si kwa fimbo na Kilatini peke yake, hivyo akaajiri mwalimu Mskoti, William Ogilvie, kuwasimamia kwenye nyumba iliyokuwa kando ya bahari. Mume alipofariki mwaka 1773, Emily hakukaa sana. Mwaka uliofuata aliolewa na yule mwalimu. Dublin ya wakubwa ilishika mdomo. Kwa Edward, mwenye umri wa miaka kumi na moja, mtu asiye na cheo chochote alikuwa sasa baba yake wa kambo, na walipatana vizuri maisha yote. Wanaotafuta chanzo cha siasa zake huko Paris nadhani wanaanza mbali. Usawa aliuona kwanza mezani kwa mama yake.

Jeshini aliingia akiwa kijana mdogo. Tarehe 8 Septemba 1781, katika mapigano ya Eutaw Springs, South Carolina, alijeruhiwa vibaya akaachwa uwanjani hana fahamu. Aliyemwokota ni mtu mweusi aliyetoroka utumwa, Tony Small, akambeba hadi kibandani kwake na kumuuguza. Edward alimchukua awe mtumishi wake wa mshahara, na hawakuachana tena. Mwaka 1786 alimchoresha Tony picha yake mwenyewe ya rangi, heshima ambayo matajiri wa wakati ule hawakuwapa watumishi wao kwa kawaida. Tuseme kweli pia: maisha ya Tony tunayajua karibu yote kupitia barua za bwana wake.

Bunge la Dublin lilimchosha upesi. Alipiga kura na upinzani, akashindwa, akarudi nyumbani, akapiga tena, akashindwa. Mwaka 1788 akarudi jeshini, safari hii New Brunswick, Kanada. Huko alimwandikia mama yake kwamba anapenda sana jinsi watu wote wanavyoishi sawa: hakuna mabwana, kila mtu ni kile alichojifanya kwa jasho lake. Mwaka 1789 alivuka msitu wenye theluji kutoka Fredericton hadi Quebec akifuata dira, Tony akiwa mmoja wa wenzake. Alifika Detroit, ambako chifu wa Wamohawk, David Hill, alimpokea kama mwana wa ukoo wa Dubu, kisha akateremka na mto Mississippi hadi New Orleans. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Aliporejea, ndugu zake wakambwaga tena bungeni, mara hii kwa kiti cha kaunti ya Kildare.

Kutoka mbunge hadi mla njama

Mwaka 1792 alikwenda Paris kuyaona mapinduzi kwa macho yake. Alipanga nyumba moja na Thomas Paine, mwandishi ambaye serikali ya Uingereza ilikuwa ikimshtaki kwa uchochezi. Barua kwa mama yake inasema wanakula pamoja asubuhi, mchana na jioni, na kwamba kadiri anavyomjua ndivyo anavyozidi kumpenda. Mwezi Novemba, kwenye karamu ya Waingereza na Waayalandi waliounga mkono mapinduzi, alitangaza kuacha kuitwa Lord. Habari zikafika London, akafukuzwa jeshini bila kusikilizwa. Mwezi Desemba, mjini Tournai, alimwoa Pamela, binti aliyelelewa katika nyumba ya Duke wa Orléans, mtu wa ukoo wa kifalme wa Ufaransa, na ambaye wengi waliamini ni mtoto wa nje wa duke huyo. Miongoni mwa mashahidi wa ndoa alikuwepo kijana ambaye baadaye alikuwa mfalme wa Ufaransa, Louis-Philippe.

Alirudi Dublin na nywele fupi za kimapinduzi. Mwishoni mwa Januari 1793 Bunge lilikuwa likijadili azimio la kumpongeza liwali kwa kupiga marufuku kikosi kipya cha kujitolea. Edward hakuwa msemaji mzuri. Miaka yote hiyo alikuwa amesema machache. Aliinuka akasema halikubali azimio hilo hata kidogo, kwa sababu anaamini liwali pamoja na wengi wa Bunge hili ndio raia wabaya kuliko wote alionao mfalme. Ukumbi ulilipuka. Wageni walitolewa nje na Edward akatakiwa ajieleze. Maelezo aliyoyatoa hayakuwaridhisha wengi.

Sentensi hiyo moja inanieleza mengi kuliko karamu ya Paris. Hakusema mfalme ni mbaya. Alisema ninyi mliomo humu ndani. Naye alikuwa mmoja wao, kwenye kiti alichopewa na kaka yake, kwa hiyo alijua anachokisema.

Hata hivyo hakukimbilia silaha siku ile. Mwaka 1794 alikuwa mjini Kildare, kwenye nyumba ndogo, akilima bustani na kumwandikia mama yake habari za maua na ndege. Leinster House, kasri la familia, alilikwepa. Alisema halimpi mtu mawazo mazuri. Kilichomsukuma ni kufungwa kwa milango, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1793 Wakatoliki walirudishiwa kura lakini wakanyimwa ubunge. Mwaka 1794 polisi walikifunga chama cha Waayalandi Walioungana mjini Dublin. Mapema 1795 liwali mpya, Earl Fitzwilliam, alionyesha nia ya kuwafungulia Wakatoliki mlango wa Bunge; London ikamwondoa baada ya wiki chache tu. Chama kikazama chini ya ardhi, kikaanza kulisha watu viapo na kutafuta msaada wa Ufaransa. Edward alijiunga nacho mwaka 1796.

Mwaka huo huo alisafiri na mbunge mwenzake wa zamani, Arthur O'Connor, hadi Hamburg na mpaka wa Uswisi kuzungumza na Wafaransa. Wafaransa waliogopa kumpokea kwa sababu mkewe alikuwa na harufu ya ukoo wa kifalme, hivyo O'Connor akaendelea peke yake hadi kwa Jenerali Hoche. Desemba 1796 manowari za Ufaransa zilifika ghuba ya Bantry, kusini-magharibi, zikiwa zimeondoka na askari karibu 15,000, Wolfe Tone akiwamo. Upepo mkali uliwazuia kushuka siku kadhaa, kisha wakageuza. Hakuna nafasi kama ile iliyorudi tena.

Serikali ilitambua jinsi ilivyoponea chupuchupu, na mwaka 1797 jeshi likaingia Ulster kusaka silaha kwa kuchoma nyumba na kuwachapa watu viboko. Mswada wa mageuzi wa Henry Grattan, kiongozi wa upinzani bungeni, uliposhindwa mwezi Mei, yeye na wenzake wakaacha kuhudhuria Bunge. Edward naye hakugombea tena.

Alikuwa mla njama wa namna gani? Jasiri, ndiyo. Mwangalifu, hapana. Karatasi moja ya mkono wake ilionyesha idadi ya watu walioapa na wenye silaha nchini: 279,896. Hesabu hadi ya mwisho, kana kwamba kila aliyeapa jioni kijijini angetoka asubuhi na mkuki mbele ya mizinga. Karatasi nyingine, iliyokutwa Leinster House, ilieleza jinsi ya kupigana na jeshi kwenye vichochoro: ng'oa mawe ya barabara, ziba njia, tupa vitu kutoka madirishani. Yalikuwa mawazo ya askari anayejua kazi, lakini mla njama hahifadhi maandishi kama hayo kwenye dawati la kaka yake. Na nakala ya ile hesabu alimpa Thomas Reynolds, mfanyabiashara wa hariri, aliyekuwa akiuza siri kwa serikali.

Tarehe 12 Machi 1798, kwa taarifa za Reynolds, askari waliivamia nyumba ya Oliver Bond, mwanachama mwenzao, na kuikamata karibu kamati yote ya chama ya jimbo la Leinster. Edward hakuwamo. Inasimuliwa kwamba John FitzGibbon, Earl wa Clare, Lord Chancellor, yaani mkuu wa mahakama za Ayalandi, na adui mkali wa haki za Wakatoliki, alimsihi Ogilvie amtoe kijana huyo nchini, bandari zitakuwa wazi. Edward alikataa kuwaacha aliowaapisha.

Alijificha wiki kumi. Kwa mjane mmoja kando ya mfereji wa Portobello alijiita Jameson, hadi mtumishi alipokuwa akisafisha viatu vyake akakuta jina lake kamili limeandikwa ndani. Mtumishi alinyamaza. Tony hakuweza kumtembelea: Dublin nzima ilimjua, na kumfuata yeye kungekuwa kumfikia bwana wake.

Tarehe 19 Mei alikuwa Thomas Street, juu ya duka la mfanyabiashara wa manyoya, Nicholas Murphy, amelala na homa. Jioni Murphy alipanda kumuuliza kama atakunywa chai. Meja Swan akaingia nyuma yake. Edward aliruka kitandani na jambia. Kapteni Ryan alifika, akachomwa mara kadhaa, lakini akamng'ang'ania miguuni. Mwishowe Meja Henry Sirr, mkuu wa usalama wa jiji, alipanda ngazi na kumpiga risasi karibu na bega la kulia. Daktari alipomwambia jeraha si la kufisha, alijibu kwamba anasikitika kusikia hivyo.

Aliyemuuza hakujulikana kwa miongo mingi. Kwenye daftari la malipo ya siri la serikali kuna mstari wa tarehe 20 Juni: F.H., kwa kugundulika kwa L.E.F., pauni 1,000. F.H. ni Francis Higgins, mwenye gazeti. Habari zenyewe Higgins alizipata kwa Francis Magan, wakili Mkatoliki na mwanachama wa chama hicho hicho.

Uasi ulianza siku nne baadaye bila kamanda wake, ukalipuka Kildare, Wexford na kaskazini, kila mahali kivyake. Wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa kati ya 10,000 na 30,000. Katika gereza la Newgate, jeraha la Edward liliharibika. Ryan alifariki tarehe 30 Mei, kwa hiyo shtaka la mauaji lilikuwa linamngoja. Shangazi yake wa upande wa mama, Lady Louisa Conolly, alikwenda kumpigia magoti liwali Camden amruhusu kumwona, akakataliwa. Aliyemsaidia ni Clare. Usiku wa tarehe 3 Juni aliwachukua Louisa na Henry, kaka yake Edward, kwa gari lake mwenyewe hadi gerezani, akawaingiza. Edward alikuwa akiweweseka, fahamu zikimjia na kupotea. Alifariki alfajiri ya tarehe 4, akazikwa usiku katika kanisa la St Werburgh.

Bunge halikuwa limemalizana naye. Lilipitisha sheria ya kumtia hatiani kwa uhaini, mtu aliyekufa bila kufikishwa mahakamani, ili mali yake ichukuliwe. Wakili John Philpot Curran alisimama mbele ya Bunge kuwatetea Pamela na watoto watatu wadogo, bila mafanikio. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1819.

Na Bunge lenyewe? Mwaka 1800 lilipiga kura kujifuta na kuungana na la London kuanzia tarehe 1 Januari 1801. Clare alikuwa mmoja wa waliolisukuma. Miji iliyopoteza viti ililipwa fidia, pauni 15,000 kwa mji, na fidia hazikwenda kwa wakazi bali kwa wenye miji. Athy ulikuwa mmojawapo. Sijui ushahidi bora kuliko huo wa kile Edward alichokisema mwaka 1793: serikali ilikiri kwa maandishi na kwa fedha taslimu kwamba viti vile vilikuwa mali ya watu.

Mwaka 1903 Bunge la London lilipitisha sheria ya kuwakopesha wakulima wa Ayalandi fedha za kununua mashamba waliyokuwa wakiyalipia kodi kwa makabaila. Waziri aliyeisimamia, George Wyndham, alikuwa kitukuu cha Edward kupitia binti yake, aliyeitwa Pamela kama mama yake. Milki ya Duke wa Leinster huko Kildare ilikuwa miongoni mwa milki kubwa za kwanza kuuzwa.